Jinsi ya kufundisha watoto wa shule ya junia (gredi 7 mpaka 9) kufikiri kwa kina: mwongozo kamili kwa walimu na wazazi wa Malindi

Muulize mtoto wa gredi 8 swali la sayansi, atakujibu vizuri tu. Sasa mwongeze kimoja, "umejuaje?", hapo ndo utamwona anaangalia dari, anamgeukia jirani yake, mwisho anasema "si mwalimu ndo alituambia". Na si kwamba hana akili, manake huyohuyo jioni ukimpata kwenye baraza anabishana na wenzake mambo ya mpira anatoa hoja na mifano mpaka wakubwa wanageuka kusikiza. Akili anayo, ni vile darasani hajawahi kuambiwa inatakiwa.

Tangu gredi 7 ya kwanza ianze Januari 2023, kufikiri kwa kina na kutatua matatizo ni mojawapo ya ule umilisi 7 wa CBC, yaani mtaala wa Kenya wa kujenga umilisi, na ukifungua mtaala wa somo lolote utaukuta umetajwa. Sawa. Lakini wewe una watoto 60 darasa moja, madawati hayatoshi, kipindi ni dakika 40, na hakuna mahali pameandikwa Jumatatu asubuhi ushike nini. Hapa nitaeleza ninavyofanya mimi na wenzangu huku Malindi, hatua kwa hatua, na mzazi pia anaweza kuchukua lake. Kitu kimoja tu ukishike kabla hatujaanza: hili si somo jipya la kuongeza kwenye ratiba. Ni tabia ya kuuliza tumejuaje, na inaingizwa ndani ya masomo uliyonayo tayari.

HATUA YA 1: MALIZANA NA SUALA LA ADABU KWANZA

Wengi wanaruka hapa na ndo maana hawafiki. Mtoto wa Pwani amelelewa kwamba mkubwa akisema umesema, na kumuuliza mtu mzima "kwa nini" ni kumjibu. Huwezi kuja siku moja ukawaambia haya ulizeni, wakauliza. Watanyamaza kwa heshima zao, na yule mmoja atakayeuliza atauliza vibaya, darasa lote litasema huyu hana adabu, na hapo umeshaharibu mwezi mzima.

Kwa hivo wape maneno. Waandike nyuma ya daftari na mkayafanyie mazoezi kama mnavyofanya mazoezi ya salamu. "Samahani mwalimu, hilo tumelijuaje?" "Nakubaliana na mwenzangu hapo mwanzo, lakini hapa mwisho naona tofauti." "Naomba mfano." "Nilikuwa nafikiri hivi, sasa nimebadilisha, na sababu ni hii." Hiyo ya mwisho isifu ikitokea, isifu mbele ya watu, manake kwa watoto wa miaka 12 mpaka 15 kubadilisha msimamo mbele ya wenzao ni aibu kubwa kuliko kukosa hesabu.

Halafu sheria ni moja: tunauliza neno, hatumuulizi mtu. Ukisema "hiyo hoja haijashika" ni sawa, ukisema "wewe hujui kitu" unatoka kwenye mjadala.

Na wewe mwalimu ujiandae kuulizwa. Siku mtoto atakuuliza kitu hukijui, sema sijui, tutafute, kesho kila mtu aje na alichopata. Hakuna heshima inapungua. Pia kwenye mkutano wa wazazi waeleze mapema unafanya nini, la sivyo kuna baba atakuja shule ameshikwa na hasira kwamba mwanawe siku hizi akiambiwa jambo anauliza ushahidi.

HATUA YA 2: ULIZA, KISHA NYAMAZA

Hatua fupi hii lakini ngumu. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi walimu darasani akakuta wakiuliza swali wanangoja kama sekunde moja tu, kisha wanajibu wenyewe au wanamrukia mtoto mwingine. Wakingoja sekunde 3 au zaidi, majibu yanakuwa marefu, na hata wale wakimya wanaanza kusema. Sekunde 3 ukizisikia ni kidogo, lakini simama mbele ya darasa kimya uone zinavyovuta.

Njia rahisi: uliza, piga hesabu moyoni, kisha waambie geukeni kila mtu azungumze na jirani yake dakika moja, ndo uanze kuchagua wa kujibu. Usichukue mikono tu. Mikono ni walewale watano kila siku. Na kwenye ile dakika ya kuzungumza waache waongee Kiswahili, waongee Kigiriama, chochote. Najua mtihani ni wa Kiingereza, lakini mtoto anayetafuta neno la Kiingereza na hoja kwa wakati mmoja atakosa vyote viwili. Hoja ikishakaa sawa ndo aitafutie Kiingereza chake.

HATUA YA 3: MCHEZO WA 2, 4, 6

Huu nausifu kuliko vyote na hauhitaji kitu ila chaki. Uliandaliwa na Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, kwenye utafiti aliouchapisha 1960, na watu wazima wenye digrii wanaanguka nao mpaka leo.

Andika ubaoni 2, 4, 6. Waambie: nina sheria kichwani, hizi namba tatu zinaifuata. Kazi yenu ni kuigundua. Nipeni namba zingine tatu, mimi nitasema ndiyo au hapana, na mkiwa na uhakika ndo mnitajie sheria.

Itakwenda hivi. Wa kwanza: "8, 10, 12." Ndiyo. Wa pili: "20, 22, 24." Ndiyo. Wa tatu: "100, 102, 104." Ndiyo. Darasa limeshachangamka, mtu anaruka: "Mwalimu, unaongeza mbilimbili!" Hapana, si hiyo. Kimya. Mwingine: "Ni namba shufwa!" Hapana. Hapo wanaanza kulalamika kwamba unawachezea. Ngoja. Mara kuna msichana mmoja nyuma, kwa kawaida si yule wa namba 1 wa darasa, anasema polepole "1, 2, 3". Ndiyo. "5, 17, 90." Ndiyo. "6, 4, 2." Hapana! Wote wanageuka. Sheria ni kwamba namba ziwe zinapanda, basi.

Sasa usikimbilie kufuta ubao, manake somo lenyewe ndo linaanza. Waulize: kwa nini "100, 102, 104" haikutusaidia kitu? Watafika wenyewe: kwa sababu tulikuwa tunatafuta ndiyo tu. Kila aliyekuwa na wazo alilipelekea mifano ya kulipa nguvu, hakuna aliyelipelekea mfano wa kuliangusha, na ile "hapana" moja ya 6, 4, 2 imetufunza zaidi ya ndiyo zote za mwanzo. Huo mfano upe jina. Sisi tunauita mfano wa kuangusha, na ukishapata jina watoto wanautumia kila mahali, mpaka kwa fitina zao wenyewe.

Siku ya pili uhamishe kwenye kitu wanachokiona. Mimi hutumia maji ya bahari yetu. Kila mtoto wa Malindi ameona bahari inageuka nyekundu ya udongo. Uliza kwa nini, utaambiwa "kwa sababu mvua imenyesha". Vizuri, sasa nipe mfano wa kuangusha. Mmoja atasema: lakini kuna siku hapa ni jua kali na maji bado ni mekundu. Eeh! Kwa hivo si mvua ya hapa? Ya wapi? Polepole mnafika kwamba mto Sabaki unaomwaga udongo ule hapo kaskazini ya mji ndo huohuo Galana, na juu zaidi ndo Athi, unatoka huko kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, kwa hivo mvua inaweza kunyesha bara sisi tukaona rangi yake huku tumekauka. Kisha mtoto wa mvuvi ataongeza la upepo, na yuko sawa, manake wakati wa kaskazi yale matope husukumwa kuja upande wa mji na wakati wa kusi hupelekwa kaskazini kuelekea kijiji cha Ngomeni. Mmeanza na sababu moja ya haraka mmemaliza na tatu zinazoshikana, na hakuna kitabu kilichofunguliwa.

HATUA YA 4: "UMEIPOKEA KWA NANI?"

Hapa tuko na hazina na hatuitumii. Watoto wengi wa huku wakitoka shule wanaingia chuoni, yaani madrasa, na chuoni wameshasikia kwamba hadithi ya Mtume haipokewi hivihivi, ina sanadi yake, fulani kapokea kwa fulani kapokea kwa fulani, na wanavyuoni walichunguza kila mtu kwenye ile kamba, alikuwa mkweli, alikuwa na kumbukumbu nzuri, waliwahi kukutana kweli na yule anayesema kapokea kwake. Ndo zikapatikana sahihi, dhaifu, na zile za kutungwa. Huo ni uchunguzi wa habari wa karne nyingi, na mtoto anao kichwani lakini haugusi akifungua WhatsApp.

Kwa hivo waombe watoto wa chuoni wawaelezee wenzao wasio Waislamu jinsi sanadi inavyofanya kazi. Darasa la Malindi ni mchanganyiko na hili huwa linawafurahisha wote. (Tahadhari: musianze kuhukumu hadithi zenyewe darasani. Hiyo ni kazi ya ustadh, sisi tunaazima njia tu.)

Simu shuleni hakuna, kwa hivo tunga ujumbe wako uandike ubaoni. Wangu uko hivi: "DHARURA!!! Wataalamu wamethibitisha kesho saa 9 alasiri tsunami itapiga Malindi na Watamu. Wakubwa wanaficha. Tuma kwa watu 10 uokoe maisha."

Waache waupasue. Kesho ya lini? Tarehe haiko, kwa hivo huu ujumbe utakuwa "kesho" mwaka mzima. Wataalamu gani? Sanadi imekatika palepale. Nani anafaa kujua jambo kama hili? Idara ya hali ya hewa, je imesema? Na ujumbe wenyewe unanitaka nifanye nini? Unanitaka niogope kisha nitume, na kitu kinachotaka uharakishe kabla hujafikiri, kaa nacho kwanza.

Kisha leta sayansi. Tsunami ni kweli zipo na zimeshafika huku: ile ya tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, mawimbi yakafika pwani ya Kenya siku hiyohiyo baada ya saa kadhaa. Lakini hakuna anayeweza kusema leo kwamba kesho saa 9 kutatokea tetemeko. Tahadhari ya kweli huja tetemeko likishatokea, kwa hivo neno "kesho" peke yake limeshauangusha ule ujumbe. Linganisha na bamvua, yale maji makuu ya bahari. Bamvua unaweza kuambiwa la mwaka mzima, manake linafuata mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na majedwali yake yanachapishwa mapema. Mtoto akijua kipi kinatabirika na kipi hakitabiriki ameshapata silaha ya maisha.

Nje ya darasa, kwa mwenye simu nyumbani, kuna mbinu moja ya kumpa. Sam Wineburg na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani waliwachunguza watu wanaofanya kazi ya kuhakiki habari, wakaona hawakai kwenye ukurasa kuusoma kwa makini juu mpaka chini kama tunavyowafundisha watoto. Wanautoka haraka, wanaenda kutafuta wengine wanasemaje kuuhusu. Ripoti ya kikundi hichohicho ya 2016 ilikuta zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa umri wa hawa wetu walichukua tangazo la kulipiwa, tena limeandikwa wazi kwamba limelipiwa, wakaamini ni habari. Kwa hivo usidhani mtoto kuzaliwa na simu mkononi ndo kuijua.

Jambo moja nikusihi: usiwape za uongo peke yake. Ukifanya hivo watajifunza kusema "feki" kwa kila kitu, na huko si kufikiri, ni uvivu umevaa suti. Changanya na za kweli zinazosikika kama uongo. Kwamba kutoka hapo Ngomeni, kwenye jukwaa lililosimama baharini, Waitaliano walirusha satelaiti, na moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru. Kwamba mwaka 1415 twiga wa Malindi alifika kwa mfalme wa China. Nusu ya darasa watacheka wakatae. Waambie wakatafute, kisha waje na sanadi.

HATUA YA 5: GEDE, KESI AMBAYO HAIJAFUNGWA

Tenga vipindi viwili au vitatu vya somo la jamii. Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, yako karibu, nauli ya matatu si kubwa, lakini kama shule haina hela picha zinatosha. Swali: kwa nini watu waliuhama mji ule?

Uzuri wa swali hili ni kwamba jibu moja la kukariri halipo. Wape tunachojua. Kuna kaburi lenye tarehe iliyo sawa na mwaka 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba 1948 akapata vyombo vya China na shanga kutoka mbali, kwa hivo mji ulikuwa na biashara kubwa ingawa hauko ufuoni. Mnamo karne ya 17 ukabaki mtupu. Kisha wape dhana: visima vilikauka, mashambulizi kutoka kaskazini, biashara kuvurugika baada ya Wareno kuhamishia nguvu zao Mombasa na kujenga Fort Jesus kuanzia 1593, maradhi.

Gawa makundi, kila kundi dhana moja, na ubao uugawe pande tatu: tunadai nini, tumeona nini, na kitu gani kikipatikana kitatuangusha. Huo upande wa tatu ndo wa maana na ndo wataukimbia. Kundi la visima lazima liseme, kwa mfano, tukikuta kisima cha mwisho kutumika kina kina kilekile cha zamani, dhana yetu inayumba. Kundi la mashambulizi liseme tutarajie kuona nini, ukuta umebomolewa, alama za moto, vitu vya thamani vimeachwa? Baada ya hapo mbinu nzuri ni kubadilishana: kundi la visima sasa litetee mashambulizi. Watalalamika sana. Waache walalamike, lakini wafanye.

Na kuna mtoto atasema ni majini. Huwa hakosi. Usimcheke na usimruhusu yeyote amcheke, kwao nyumbani ndivyo inavyosimuliwa. Mpe swali lilelile ulilowapa wengine: tutarajie kuona nini kama ni hivo, na kitu gani kitatuonyesha sivyo? Ataona mwenyewe upande wa tatu wa ubao unabaki mtupu. Usimalizie, mwachie hapo.

Mwisho wa kipindi wasipige kura. Kura inawafunza kwamba ukweli ni wingi wa watu. Kila mmoja aandike mistari sita: anaegemea wapi, kwa nini, na ana uhakika kiasi gani.

HATUA YA 6: METHALI ZINAZOGONGANA

Kwa zile dakika 10 zinazobaki. "Haraka haraka haina baraka" na "ngoja ngoja huumiza matumbo". Ipi ni kweli? Watabishana mpaka mmoja aseme inategemea. Usikubali aishie hapo! Inategemea nini? Ataje hali moja ambapo ya kwanza inafaa na moja ambapo ya pili inafaa, na kitu gani kinazitofautisha. Watoto wanapenda kusema inategemea kwa sababu inafunga mjadala, wewe ifanye ndo iufungue.

HATUA YA 7: KUSAHIHISHA

Usiposahihisha kufikiri, watoto watajua huna maana nayo. Wanajua alama ziko wapi kuliko sisi. Ile mizani ya CBC ya viwango 4, kuanzia chini ya matarajio mpaka kuzidi matarajio, inatosha, ila ujue unapima nini. Mimi huangalia matatu: ametoa sababu au amerudia dai kwa maneno mengine, ametaja kitu kinachoweza kuonekana au kuhesabiwa, na amefikiria upande wa pili. Jibu lisilo sahihi lenye sababu nzuri lipate zaidi ya jibu sahihi lisilo na kitu, na darasa lione hivo kwa macho yao. Siku ya kwanza kutakuwa na kelele, hasa kwa wale waliozoea kuongoza.

Na kuna mtoto atageuka mbishi, kila kitu anapinga. Dawa yake ni kumpa kazi: kabla hujapinga, rudia kwanza alichosema mwenzako mpaka yeye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mara nyingi akimaliza kurudia hana tena la kupinga.

KWA MZAZI

Huhitaji ubao. Mkiwa mnakula muulize mbona samaki siku hizi ghali. Atasema ni kusi, bahari chafu, wavuvi hawatoki. Haya, mbona Desemba bahari imetulia na bei bado juu? Mwache atafute, atafika kwenye wageni na mahoteli. Usimpe jibu hata kama unalijua, na kama ndugu yake mkubwa anataka kumwambia, mtume dukani.

Naye akikuuliza wewe "mama, umejuaje?" kwa yale maneno ya adabu aliyofunzwa, mjibu. Kama umeipata kwenye status ya mtu, mwambie umeipata kwenye status ya mtu.